Siku Niliyogeuza Uwanja wa Baba Kuwa Gereji

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo niliijua tangu darasa la tatu. Nikaiandika katika insha nyingi na mwalimu akanipa alama za vema. Hata hivyo, kuijua methali si kuifuata. Kisa ninachotaka kuwasimulia, ndugu wasomaji, kilinipata nyumbani kwa wazazi wangu huko Keza, wilayani Ngara, nilipokwenda likizo ya mwisho wa mwaka. Ni kisa cha gari, rejeta na kikombe cha plastiki. Nakisimulia bila kujificha, kwa kuwa kosa lilikuwa langu, na pengine mzazi mwingine atanusurika kwa kulisikia.

Kwanza habari za gari lenyewe. Mimi ni mfanyakazi wa kiwandani mjini Mwanza. Kwa miaka minne mimi na mke wangu tulijinyima, tukaweka akiba ya kununulia mabati ya nyumba yetu, ambayo kuta zake zilikuwa zimekwisha simama. Basi mwenzangu mmoja kazini akapata uhamisho, akatangaza kuuza gari lake, Toyota Celica ya miaka ya 1990, rangi nyekundu, milango miwili, pua ndefu, tumbo limekaribia ardhi. Bei aliyoitaja ilikuwa karibu sawa na bei ya mabati. Yaliyofuata msomaji atayakisia mwenyewe. Mke wangu hakugomba. Alisema tu, "Baba watoto, mvua haitanyeshea gari peke yake," kisha akanyamaza; na ukimya wake ulinilemea kuliko ugomvi.

Sina utetezi mkubwa, ila niliona nakomboa ndoto ya utotoni. Baba yangu alikuwa utingo wa lori katika miaka ya 1970, akisafiri kati ya Ngara na Mwanza na magunia ya kahawa. Alikuwa mpenzi wa mashindano ya magari ya Safari, yale yaliyoanzishwa mwaka 1953 na ambayo katika miaka yake ya mwanzo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hadi leo hukumbuka jinsi Shekhar Mehta, kijana mzaliwa wa Uganda, alivyoshinda mwaka 1973 kwa Datsun 240Z. Mimi nilikulia katika zama za Celica. Kati ya mwaka 1984 na 1995 magari ya jina hilo yalishinda Safari mara 8. Mwaka 1994 mshindi alikuwa Ian Duncan wa Kenya. Kila Pasaka tuliizunguka redio ya baba kama watu wanaoota moto. Celica niliyoinunua ilikuwa ya kawaida, si ile ya mashindano. Lakini mtu aliyeingiwa na tamaa hupima jina, hapimi chuma.

KATIKA VILIMA

Tuliondoka Mwanza alfajiri, mimi, mke wangu na watoto wetu wawili waliobanana kiti cha nyuma kama dagaa. Tulivuka Ghuba ya Mwanza kwa daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, tukapita Geita, Bwanga na Biharamulo. Hadi Lusahunga gari lilikwenda vizuri, na mimi nikawa natazama vioo vya maduka nione linavyopendeza.

Baada ya Lusahunga tulishika barabara iendayo Rusumo, ile inayopitisha malori ya Rwanda na Burundi. Huko vilima hufuatana, na malori yenye shehena hupanda kwa mwendo wa kinyonga. Nikakwama nyuma ya mojawapo, gia ya pili, jua la saa saba likiwaka. Upepo wa kuipooza rejeta ukawa haba, kazi ya injini ikawa kubwa. Nilipotupa jicho kwenye dashibodi, mshale wa joto ulikuwa umekwisha pita katikati na kuikaribia alama nyekundu. Punde mvuke mweupe ukafuka chini ya boneti.

Nikasimama kando, nikafungua boneti, nikachukua kitambaa, nikanyoosha mkono kwenye mfuniko wa rejeta. Dereva wa lori la mafuta, aliyekuwa amepumzika upande wa pili wa barabara, alipiga ukelele ulionigandisha. "Ndugu, acha! Usiguse hapo!"

Alivuka akaja akanishika mkono. "Mfuniko huo umeyafungia maji yaliyokwisha pita kiwango cha kuchemka," alisema. "Ukiulegeza, yatageuka mvuke kwa mara moja na kukurukia usoni. Kaa kivulini. Gari likichemka, dawa ya kwanza ni subira."

Tulikaa chini ya mti zaidi ya saa nzima, watoto wakila ndizi na mke wangu akitazama vilima. Injini ilipopoa kabisa, dereva yule alitupa maji ya dumu lake. Rejeta ikameza zaidi ya lita 3. Tukajikongoja hadi Keza tukiwa tumewasha hita ili kuipunguzia injini joto, na sisi wenyewe tukirowa jasho kama watu waliofukizwa.

Baba alitupokea uwanjani jua likizama. Baada ya shikamoo na pole za safari alilizunguka gari mara mbili, akainama kutazama chini yake, akasema, "Mwanangu, gari lako limelala kama paka anayevizia panya. Hapa kwetu litaona nini isipokuwa visiki?"

MAJI YA UTINGO

Asubuhi, injini ikiwa baridi, nilifungua mfuniko. Maji niliyoyakuta yalikuwa ya rangi ya udongo, na kidole changu kilitoka na tope la kutu. Mpira wa ndani ya mfuniko ulikuwa umepasuka. Ilikuwa dhahiri kwamba mwenye gari wa kwanza alijazia maji ya bomba tu, nami kwa miezi yote niliyokuwa nalo sikuwahi kuufungua mfuniko ule hata siku moja. Nilikuwa naliosha gari nje kila Jumamosi, na ndani linaoza.

Nikamwambia baba kwamba nitayamwaga maji yote, nitaisukutua injini, kisha nitatia kulanti, yaani kile kimiminika chenye dawa ambacho wazee walizoea kukiita antifrizi.

Baba akacheka. "Dawa ya barafu? Umeona theluji Keza? Sisi tulibeba maji ya mtoni katika debe. Lori likichemka tunasubiri, tunajaza, tunaendelea. Na mizigo ilifika."

Baba alisema kweli kuhusu malori yake. Rejeta za wakati ule zilikuwa za shaba, nene na pana, na fundi wa kuchomelea aliweza kuziziba popote. Magari ya baadaye yameundwa kwa namna nyingine. Injini ya Celica yangu ina bloku ya chuma cha kusubu, lakini silinda hedi yake ni ya alumini, na rejeta ni ya alumini yenye matangi ya plastiki. Metali zisizofanana zikikaa pamoja katika maji yenye chumvi huanza kulana. Chuma hutoa kutu, na vijia vyembamba vya rejeta huziba kwa ukoko mweupe kama ule tunaouona ndani ya birika la chai. Joto likikosa njia ya kutoka, silinda hedi hupinda, gasketi huungua, na gharama ya kuitengeneza yaweza kumfanya mtu alitelekeze gari. Kulanti ina dawa za kuzuia mambo hayo. Jina la antifrizi limetupotosha wengi, tukadhani ni kitu cha nchi za baridi peke yake.

Baba alikubali habari za kutu, kwani alikuwa ameiona kwa macho yake. Kuhusu joto alibaki na shaka. Maji ni maji, alisema, yakichemka yamechemka.

Aliyetuamulia ni mama, aliyekuwa kibarazani akichambua maharage. "Nilipoishi Tanga kwa kaka yangu," alisema bila kuinua macho, "maharage kama haya yaliiva upesi. Hapa nakaa nayo jikoni hata kuni zinaisha. Moto ni ule ule na chungu ni kile kile. Maji ya huku yanatokota, lakini hayana joto la maji ya Tanga."

Nilibaki kinywa wazi, maana mama alikuwa ameeleza kwa maharage jambo nililotaka kulieleza kwa hesabu. Pwani, usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kadiri unavyopanda juu, hewa hupungua uzito na maji huchemka mapema. Mwanza, iliyo kwenye mwinuko wa mita 1,100 na zaidi kidogo, huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kwenye mita 1,500 huchemka kwenye nyuzi 95. Sasa fikiri habari za injini. Thamostati, kile kizibo kinachoruhusu maji kwenda kwenye rejeta, katika injini nyingi za aina hii hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Kutoka 82 hadi 95 ni hatua fupi sana kwa gari linalopanda mlima nyuma ya lori. Mfuniko mzima huongeza mgandamizo na kuyazuia maji yasichemke mapema. Wangu ulikuwa umepasuka, kwa hiyo rejeta yangu ilikuwa sawa na chungu cha mama. Ukiwa na mfuniko mzima, na kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi, kiwango cha kuchemka hupita nyuzi 115 hata huko vilimani.

Baba alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa. "Kumbe maharage yana elimu kuliko utingo," alisema. Kisha akaenda pembeni ya uwanja, akaokota jiwe kubwa, akaliweka nyuma ya gurudumu kama alivyokuwa akifanya miaka 50 iliyopita. Nikajua nimepata msaidizi.

KAZI INAANZA

Tulimtuma kijana wa bodaboda mjini Ngara kwa maandishi: kulanti nzito isiyochanganywa, maji yaliyokenekwa kama yale yauzwayo kwa ajili ya betri, wala si asidi, na mfuniko mpya wenye namba ile ile ya mgandamizo iliyoandikwa kwenye ule wa zamani. Nilimsihi asome kibandiko, kwa sababu ziko kulanti zilizokwisha changanywa tayari, na ukiziongezea maji unazidhoofisha. Na ziko nzito ambazo lazima zichanganywe. Wengine hudhani kwamba kulanti tupu isiyo na maji ni bora zaidi. Sivyo. Maji hubeba joto vizuri kuliko kulanti. Kila kimoja kina kazi yake. Tena rangi si kigezo. Nyekundu, kijani au bluu ni rangi ya mwenye kiwanda, na mtu mlaghai anaweza kutia rangi hata katika maji ya kisima.

Wakati wa kumngoja tulianza kusukutua. Nilifungua kizibo cha chini ya rejeta, maji ya kutu yakatiririka katika beseni. Nikafungua na kile cha ubavuni mwa bloku, kwa maana maji mengi hubaki humo. Nikafunga, nikajaza maji safi, nikawasha injini na kuweka hita kwenye joto la juu ili maji yazunguke kote, nikangoja thamostati ifunguke, nikazima, nikaacha ipoe, nikamwaga tena. Mara ya kwanza yalitoka kama maji ya mto wakati wa masika. Mara ya pili kama chai. Mara ya tatu nikauona mkono wangu chini ya beseni. Kila mara ilibidi tungoje injini ipoe, na baba alitumia nafasi hizo kunisimulia habari za barabara za zamani. Nilitaka kuyamwaga maji yale kuelekea shambani, akanizuia. "Migomba hii inatulisha," alisema. Tukayatia katika dumu kuukuu ili niyapeleke gereji.

Saa tisa kijana wa bodaboda alirudi na kila kitu. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo likinijia usiku hunifukuza usingizini.

KIKOMBE

Sikuwa na chombo cha kupimia. Nikaingia jikoni, nikatwaa kwenye kichanja kikombe cha plastiki cha bluu, kile ambacho watoto wa nyumba ile hunywea uji. Nikapima kulanti kikombe baada ya kikombe katika ndoo, na maji kwa kipimo hicho hicho. Ilikuwa nyekundu, safi, inang'aa kama juisi ya rozela. Nikiwa katikati ya kazi nikaona kizibo cha chini kinadondosha tone. Nikaweka kikombe juu ya gogo, kikiwa na kulanti kiasi cha vidole viwili, nikalala chali nikaingia chini ya gari na spana yangu.

Nilisikia ukelele wa mama. Nilipotoka, kikombe kilikuwa kimeanguka chini, na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mwenye umri wa miaka minne, alikuwa analia. Midomo yake ilikuwa imelowa wekundu.

"Umekunywa?" nilimuuliza. Akaitika kwa kichwa. "Umekunywa, mjomba?" Akakataa kwa kichwa. Mtoto wa umri ule hujibu anachodhani kitamwondolea adhabu.

Ndugu msomaji, kulanti nyingi hutengenezwa kwa kimiminika kiitwacho ethilini glaikoli. Ni sumu, na ubaya wake ni kwamba ina ladha tamu. Mtoto hatatema kama anavyotema dawa chungu. Mbwa na mbuzi nao huilamba. Kiasi kidogo kinatosha kumwua mtoto. Mwanzoni aliyekunywa huonekana kama mlevi, anayumba, anatapika, pengine anasinzia. Kisha anaweza kuonekana amepata nafuu. Kumbe mwilini sumu inageuka tindikali, nayo huvishambulia viungo vya uhai, yaani moyo na ubongo, na baadaye figo. Watu wakingoja kuona kama mtoto ataugua, wanapoteza saa ambazo dawa ingefaa.

Haya yote nayajua sasa. Saa ile sikujua hata nusu yake. Mama alikimbilia maziwa. Mimi nilitaka kumtia mtoto kidole kooni atapike. Mke wangu ndiye pekee aliyekuwa na akili zake. Alikuwa amelitwaa galoni la kulanti na kusoma onyo lililoandikwa. "Usimtapishe," alisema. "Twende hospitali, na galoni hili twende nalo."

Nikageuka kulitazama gari. Gari la mbio, la jina kubwa, lilikuwa limekaa pale na jiwe nyuma ya gurudumu, bila tone la maji ndani ya injini. Lisingefika hata barabarani. Kijana wa bodaboda alikuwa hajaondoka, na jirani naye alikuwa na pikipiki yake. Nilimpakata mtoto kwenye moja, mke wangu akapanda nyingine na lile galoni, tukashika njia ya hospitali. Nilikuwa nimesikiliza habari za mbio tangu utoto wangu. Katika njia ile ya vumbi, nikihesabu pumzi za mtoto kifuani mwangu, ndipo nilipojua mbio ni nini.

Daktari alitupokea mara moja. Alisoma kibandiko cha galoni kabla ya kuuliza neno lolote, akasema tumefanya vema kukileta chombo. Akampima damu na mkojo, akaamuru alazwe chini ya uangalizi. Alitueleza kwamba dawa za sumu hiyo zipo, na kwamba hufaa zikitolewa mapema, kwa kipimo, na mganga anayejua. Si maziwa, wala si pombe ya kienyeji, wala si kitu kingine cha nyumbani. Nilimwambia kwamba pengine tumemsumbua bure, kwa kuwa huenda mtoto hakumeza. Akajibu kwamba anapenda kuletewa watoto 100 ambao hawakumeza kuliko mmoja aliyecheleweshwa.

Dada yangu alifika jioni akitoka shambani, matope bado miguuni. Alimshika mwanawe, akamtazama machoni, akamnusa mdomo. Kisha akanigeukia. "Kaka," alisema, "ungekuja kwa basi." Sikuwa na jibu, na hata leo sina.

Tulikesha. Mtoto alilala salama, akajisaidia haja ndogo kama kawaida, na majibu ya vipimo hayakuonyesha dhara. Inaelekea aligusa kwa midomo tu kabla ukelele wa bibi yake haujamshtua. Asubuhi aliomba uji. Daktari alituruhusu, akataka arudishwe baada ya siku mbili aangaliwe tena. Akarudishwa, akaonekana mzima.

KUMALIZIA

Nilirudi Keza nikitaka kulisukuma gari lile bondeni. Nikakuta baba amefanya kazi ambayo mimi nilipaswa kuifanya. Alikuwa amemfunga mbwa na kuwafungia mbuzi zizini. Udongo wote uliolowa pale kikombe kilipoanguka alikuwa ameuchimba kwa jembe na kuutia katika gunia. Ndoo yenye mchanganyiko alikuwa ameifungia stoo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Mama naye alikuwa amekitoboa kile kikombe cha bluu kwa msumari wa moto, ili asitokee mtu wa kukiosha na kukirudisha jikoni.

"Maliza ulichoanza," baba aliniambia. "Kazi iliyoachwa nusu ndiyo inayoua."

Tukamaliza. Watoto wote walipelekwa kwa jirani. Nilimimina mchanganyiko polepole, kwa sababu ukimimina kwa pupa hewa hunaswa ndani, na pale penye hewa hapana kinachobeba joto. Silinda hedi huungua wakati mshale wa dashibodi unakudanganya. Nikawasha injini mfuniko ukiwa wazi na hita ikiwa kwenye joto la juu, nikawa naibinya mipira ya rejeta kwa mkono. Mapovu yakatoka moja moja. "Linacheua kama mtoto aliyekwisha nyonya," baba alisema, na hapo ndipo tulipocheka kwa mara ya kwanza tangu jana yake. Kina kikapungua, nikaongeza. Kikapungua tena, nikaongeza tena. Feni ikawaka, ikazima. Nikafunga mfuniko mpya, nikajaza kile kitangi cha akiba hadi kati ya alama zake mbili. Asubuhi ya pili, injini ikiwa baridi, nikaangalia tena na kuongeza kidogo. Safari ya kurudi Mwanza, katika vilima vile vile na nyuma ya malori vile vile, mshale haukupita katikati hata mara moja.

Gari lilikuwa limepona. Lakini nilikuwa nimejifunza mambo mawili kwa siku moja, na la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza.

La kwanza ni hili: kulanti si anasa ya matajiri wala dawa ya nchi za theluji. Sisi tunaoishi na kusafiri katika nchi za juu tunaihitaji kwa sababu ya joto na kutu. Kitabu cha gari hueleza ibadilishwe baada ya muda gani. Magari mengi ya zamani huhitaji kila miaka miwili au mitatu. Gharama yake hailingani kabisa na ya kufumua injini. Wala kazi yenyewe haihitaji utaalamu mkubwa. Inahitaji injini iliyopoa na mtu asiye na haraka.

La pili ni kwamba kazi ya gereji ikihamia nyumbani, nyumba haigeuki kuwa gereji. Gereji haina mtoto wa miaka minne, wala mbuzi, wala kikombe cha uji. Wengi wetu mijini tunajitengenezea wenyewe vyombo vyetu ili kuokoa fedha, na si vibaya. Lakini kabla hujashika spana, hesabu watoto. Chombo cha jikoni kisiguse mafuta, wala asidi, wala kulanti; na kulanti isiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa dakika tano. Iliyobaki ifungiwe katika chombo chake chenye kibandiko. Iliyomwagika ifutwe na kuondolewa hapo hapo. Ile kuukuu isimwagwe shambani, mtaroni wala kijitoni, bali ipelekwe kwa mafundi wenye namna ya kuihifadhi. Na ikitokea mtoto ameigusa kwa midomo, usingoje dalili. Mchukue, chukua na chombo, nenda hospitali.

Celica nimekwisha iuza. Aliyeinunua ni kijana ambaye bado hajaoa, na kabla hajanipa fedha nilimkalisha chini nikamweleza habari za rejeta, za mfuniko na za kile kikombe, hadi akaanza kutazama saa yake. Tarehe ya kubadili kulanti nimemwandikia kwenye karatasi na kuibandika chini ya boneti. Bei ya mabati ilikuwa imepanda, kwa hiyo fedha ilitosha vyumba viwili tu. Mvua ya kwanza iliponyesha, mke wangu alisimama katikati ya chumba akisikiliza, nami nikasimama kando yake. Mwishowe alisema kwamba Krismasi ijayo tutakwenda Keza kwa basi.